Nyasi za Msiba

Kwetu Arnhem, kaskazini mwa Australia, mwanamume haongei na mama mkwe wake. Hamtazami, hamsogelei, wala hataji jina lake. Siku nyingi ni raha tupu, nawaambia ukweli, lakini siku ile nusura niingiwe na wazimu.

Moto ulikuwa unatoka upande wa barabara kuu, ule mbaya wa mwisho wa kiangazi, unaopanda mpaka kileleni mwa miti. Sisi walinzi wa ardhi huwa tunauwahi. Nyasi zikiwa bado na umande tunachoma vipande vipande, moto mdogo wa kutambaa, na hewa ya ukaa inayopanda angani inapungua mno. Ila kipande cha mama mkwe hakikuguswa. Mumewe alifariki, nchi ikafungwa, na nchi ikifungwa kwa msiba hakuna anayewasha kiberiti mpaka mwenye nchi, yaani mjane mwenyewe, aifungue. Miaka miwili nyasi zimekua, zimenipita kimo. Naye amekaa barazani katikati yake, amegoma kuondoka.

Mke wangu Rhonda, ambaye ndiye hutupelekea maneno, alikuwa kliniki mjini. Mkuu wetu Terrence akanifokea redioni: "Washa tu, Selwyn! Utaomba radhi baadaye!"

"Kwa mdomo gani? Nchi si yangu, wala si yako."

Pale mbele ya nyumba yake nikampa mama mkwe mgongo, nikapaza sauti kwa mbwa wake. "We Rasta, mbwa mzembe, moshi huuoni? Upepo unatuletea moto. Nyumba itateketea na aliyemo. Laiti mwenye nchi angesema neno!"

Ng'ambo ya kijito miti ilikuwa inapasuka, na mwewe, wanaowinda wadudu wanaokimbia moto, walishaanza kuzunguka juu yetu.

"Rasta," sauti ya bibi ikasema, "kuna mtu hapo anapiga kelele kama kasuku. Muulize, angeanzia wapi kuchoma?"

Pa kuanzia palikuwa mahali pamoja tu: kwenye njia ya gari, nyumba ikiwa nyuma yetu. Mbele ya njia hiyo kulikuwa na kaburi la mzee, mumewe, limemezwa na nyasi.

"Angeanzia njiani, Rasta. Moto wetu upite kwa mzee, ukakutane na ule."

Kiti cha barazani kikatoa mlio. Nikafumba macho apite. Nikasikia njiti ya kiberiti ikikwaruza.

"Nisamehe, mzee wangu," akasema. "Nimekufungia vichakani, wewe usiyependa uchafu."

Nyasi zikashika moto kwa kishindo. Mioto miwili ikakutana kule mbele ya kaburi, ikakosa cha kula, ikafa. Ndipo mama mkwe akaangua kilio ambacho hakukilia hata siku ya mazishi. Hakukuwa na mtu mwingine wa kumshika mkono, na mimi sikuruhusiwa. Nikabaki nimempa mgongo, nikalia naye.