Kiingereza cha Kumzika Igoki

Kwetu Kibugu mtu hazikwi bila wasifu wa Kiingereza. Hata bibi ambaye hajawahi kukisema husomewa hicho hicho kaburini. Ndiyo heshima. Binti yangu Igoki alipofariki akijifungua, nilisema wasifu nitauandika mimi na kuusoma mimi, ingawa niliacha shule darasa la tano. Sikutaka mtu mwingine amweleze.

Sentensi moja ndiyo niliyoijali: kwamba huyu ni binti ambaye nilimkuta kila jioni kwenye kituo cha kununulia majani chai, akanipokea kikapu, hata alipokuwa mwalimu mzima.

Kamati ya mazishi ilipokaa nyumbani, mwalimu Kivuti, ndugu ya mke wangu, aliisoma akacheka.

"Shemeji, umeandika daughter which. Which ni ya ng'ombe."

"Basi weka ya watu."

"Weka who. Hapana, ngoja. Hapa ni whom."

"Whom si ya Biblia?" akauliza jirani yangu Mutugi. "Weka that. Inashika mtu, inashika ng'ombe."

"Hiyo ni ya wavivu, Mutugi. Kama wewe."

Walibishana hadi chai ikapoa. Mke wangu Alice alinivuta mlangoni.

"Baba Igoki, unazika mtoto ama unafanya mtihani?"

"Sitaki achekwe."

"Nani atacheka?"

Nikarudi kwenye kamati. Ikawa whom. Kivuti alinifundisha kuitamka, nami nikaifanyia mazoezi shambani, nikivuma kama nyuki.

Siku ya mazishi mheshimiwa mbunge alikuja amechelewa, akashika kipaza sauti, akahutubu kuhusu barabara. Alipomaliza, mvua ilikuwa imeshafika ukingo wa msitu. Mimi nilikuwa nimesimama, karatasi mkononi.

"Kwa sababu ya muda," akasema mshereheshaji, "wasifu mnao kwenye vijitabu. Tuuchukue kama umesomwa. Baba Igoki, keti tu."

Nikaketi.

Matone yakaanza. Watu wakafunika vichwa kwa vijitabu vile, uso wa Igoki jaladani ukielekea mawinguni. Ningeweza kusimama tena, nikasema kwa Kiembu. Kiembu ninacho tangu nizaliwe. Lakini nilipokitafuta, kichwani nilikuta whom peke yake, haina neno la kuifuata.

Wakaanza kushusha jeneza.