Vipimo vya Jumamosi

"Inua mikono," nilimwambia kipa wetu, naye akainua yote miwili, akatoa macho, akiwaigizia wenzake mtu aliyekamatwa na mkate wa wizi. Chumba kizima kikacheka. Nikamzungushia futi kifuani. Sentimita mia moja na nne. Nikaandika kwenye daftari, mia moja na nne. Nilijua kabisa kwamba jezi ile sitaishona, na bado nikampima mabega, nikampima urefu wa mkono, nikamwuliza anataka kola ya duara au ya pembe.

"Ya pembe, Dada Fundi," akasema. "Ligi kuu hii. Lazima tupendeze."

Mpaka leo nikikumbuka lile swali la kola nasikia joto usoni. Kupima tungesema nilishikwa na bumbuwazi, mikono ikafanya kazi yenyewe. Lakini kola, jamani! Nani aliniuliza habari za kola?

Chumba changu cha kushonea kilikuwa na cherehani tatu, meza ya kukatia, na mashine ya kubandika majina na namba kwa joto. Siku hiyo walijazana humo wanaume ishirini na wawili, wengine wamekalia marobota ya vitambaa, wengine wamesimama mlangoni wakigombea kivuli. Msidhani walikuwa wachezaji wa kulipwa kama hawa mnaowaona kwenye televisheni. Kipa alikuwa fundi bomba. Beki wa kushoto alikuwa kinyozi, na hata uwanjani tulimwita Kinyozi. Beki wa kati alikuwa mwashi. Nahodha, aliyecheza kiungo, alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja, na mchana alikuwa karani kwenye ghala la saruji. Miaka kumi na mitatu alikwenda mazoezini jioni na unga wa saruji kwenye nyusi. Mwaka ule ndio wakapanda daraja. Mimi sauti ilinikauka kwa kushangilia, nikawa naongea na wateja kwa vidole.

Desturi yetu ilikuwa hiyo: kila mwaka, Jumamosi ya mwisho kabla ya mazoezi ya msimu, timu nzima inakuja kwangu kupimwa. Lakini Jumamosi ile, ndani ya mfuko wa aproni yangu, kulikuwa na karatasi yenye majina ishirini na matano. Kati ya wale ishirini na wawili waliokuwa wanachekeana mbele yangu, aliyekuwemo kwenye karatasi ni mmoja tu.

Nani nimlaumu? Sikuburutwa. Nilijipeleka mwenyewe, tena mbio.

Wiki tatu kabla ya hapo, wanachama tuliitwa mkutanoni kwenye ukumbi wa shule. Mfadhili alikuwa ameleta fedha, ligi nayo ikaongeza zake, na swali lilikuwa moja: klabu iliyopanda daraja jana itumie kiasi gani kununua wachezaji? Mwenyekiti alitaka robo tatu ya fedha yote. Kocha alitaka robo.

"Nipeni watatu," kocha alisema. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, ilibidi viti viache kukwaruza ndipo asikike. "Beki mmoja mrefu, kiungo mmoja, na mtu wa kufunga. Fedha inayobaki walipwe hawa tulionao, waache kazi za mchana. Hawajawahi kufanya mazoezi hata siku moja wakiwa hawajachoka. Sasa mnajuaje mwisho wa uwezo wao? Isitoshe, hawa wanajuana hata wakifumba macho."

Nikanyoosha mkono. Mimi najua pindo, najua kifungo, usajili nilikuwa naujulia wapi? Lakini kunyamaza sikuzaliwa nako.

"Kocha," nikasema, "unasema wanajuana. Hata sisi majirani tunajuana, mbona hatujaitwa timu ya taifa?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Na mimi nikichekewa ndio basi tena, sikamatiki. Nikawaambia kule juu hakuchezwi mapenzi, kunachezwa mpira. Nikawauliza kama wanataka tupande leo, tushuke kesho, tuwe kichekesho cha nchi nzima. "Fedha imekuja itumike," nikapiga meza. "Tununue watu!" Wakapiga makofi wamesimama. Mwenyekiti akanivika kilemba cha ukoka, eti laiti klabu ingekuwa na wanaume watano wenye kichwa kama changu, nami nikakivaa barabara. Kura zikapigwa, tukashinda kwa tisa. Kocha alikusanya karatasi zake moja moja, akanipita mlangoni, akaniambia usiku mwema.

Moyoni nilikuwa nampigania mdogo wangu. Alikuwa na miaka thelathini na miwili na magoti yalishaanza kumsumbua. Ile ilikuwa nafasi yake ya kwanza kucheza ligi kuu, na kwa umri ule ilikuwa pia ya mwisho. Nikasema akiletewa watu wenye nguvu kulia na kushoto, ataicheza bila kutapika mapafu. Nilidhani kununua ni kuongeza. Kwamba kila anayenunuliwa anakalia kiti cha mtu, hilo halikunipitia akilini hata kidogo, na mimi ndiye niliyemcheka kocha mbele ya ukumbi mzima.

Ijumaa, siku moja kabla ya vipimo, saa tano asubuhi, katibu wa klabu akaniletea bahasha. Ligi kuu ilitaka jezi ziwe na majina mgongoni, kwa hiyo mshonaji alikijua kikosi kabla ya wachezaji wenyewe. Nilisoma nimesimama, mkasi bado mkononi. Jina la kwanza, simjui. La pili, simjui. La tano, la tisa, la kumi na nne, wote wageni, na pembeni ya kila jina saizi yake tayari imeandikwa. Jina la kumi na tisa lilikuwa la mdogo wangu.

Nilifurahi. Nisiwafiche, hicho ndicho kilichonijia kwanza. Nilishusha pumzi, nikasema moyoni, ahsante Mungu, yumo. Nikaendelea mpaka la ishirini na tano, ndipo nikarudi juu kuanza upya, nikidhani nimeruka ukurasa.

"Na wengine?" nikamwuliza katibu.

"Wengine wamemaliza."

"Wamemaliza nini?"

"Dada, wamemaliza." Alikuwa anatazama cherehani, si mimi. "Mwenyekiti atawaambia Jumatatu. Na anakushukuru sana kwa ile siku ya mkutano. Mawakala wanaotuuzia wachezaji walitaka wote ishirini na watano wawe wageni. Akasema hapana, wa Dada Fundi abaki. Sasa tafadhali, habari hii isitoke hapa. Ikitoka, hiyo orodha inaandikika upya."

Nikakaa juu ya robota la kitambaa, mkasi mapajani, na katibu akatoka akinitakia kazi njema. Ndivyo walivyonilipa kumbe. Wao walikuwa na kikosi cha kuuza, mimi nilikuwa na mdomo, na mdogo wangu akawa chenji. Nilikaa pale mpaka mteja aliyekuja kuchukua sare za watoto akaniuliza kama naumwa.

Kesho yake nikasikia vicheko vyao barabarani kabla sijawaona. Mdogo wangu alikuwa mbele. Nikadhani wamekuja kwa mazoea tu, kama kila mwaka, na hakuna aliyepata akili ya kuwazuia.

Nikaanza kupima. Kila aliyesimama mbele yangu nilijiambia, huyu akimaliza nasema. Kipa akamaliza, sikusema. Mwashi akamaliza, ananitania kwamba nimnyooshee tumbo kwa pasi, nikacheka naye. Nilicheka! Karatasi ilikuwa inakwaruza pajani kila nikiinama. Nikifungua mdomo, nilikuwa naona ofisi ya klabu imevamiwa, makelele, na kalamu ya mwenyekiti inapita juu ya jina la kumi na tisa. Nikaufunga. Ukafungika vizuri sana, mdomo ule ule ulioshindikana kwa miaka arobaini.

Zamu ya Kinyozi ilipofika aliniinamia sikioni. Aliomba mgongoni kwake nisiandike jina lake, niandike la baba yake. Mzee alikuwa haoni maana ya mpira, hakuwahi kwenda uwanjani hata mara moja, na sasa mechi zitaonyeshwa kwenye televisheni.

"Nataka siku hiyo ajisome," akasema.

Nikamwomba anitajie herufi moja moja, nisikosee. Nikaziandika.

Mdogo wangu alikuwa wa mwisho. Nilipomzungushia futi nilisahau namba, ikabidi nipime mara mbili. Hakunitazama. Nikadhani ni haya zake za siku zote, maana tangu utotoni hakupenda nimshikeshike mbele ya wenzake. Wakatoka wote pamoja, wakipigana vibao vya mgongo, na Fundi Bomba akanipigia saluti kutoka ng'ambo ya barabara.

Watu wananiuliza hadi leo: mlitumia fedha nyingi mno, au mlifanya vyema? Wanauliza kwa sababu klabu nyingine zinapanda na ubishi ni ule ule. Nami sina hata faraja ya kusema tulikosea. Tulibaki ligi kuu. Msimu wa kwanza tulimaliza nafasi ya kumi na mbili, wa pili ya tisa, na wale wageni walicheza mpira ambao mji ule haujawahi kuuona. Wengi walinipongeza. Fundi Bomba alikuja kwangu mwaka uliofuata kuziba bomba la jikoni, akafanya kazi safi, akakataa chai. Kinyozi alihama, na sikusikia tena habari za baba yake. Ukiniambia nipige kura ile upya sijui ningenyoosha mkono wapi, na hilo linanitisha kuliko yote niliyokwisha kusimulia.

Jumatatu, saa nane mchana, mdogo wangu aliingia, akafunga mlango nyuma yake. Nilikuwa nabandika jina la mtu nisiyemjua. Nikainua mashine, moshi wa gundi ukatoka, nikaizima.

"Asubuhi mlinzi alikuwa na karatasi getini, kwenye uwanja mpya," akasema. "Akawa anaita majina. Wetu wote wamesimama na mabegi. Akaita langu."

"Ukafanyaje?"

"Nikaingia." Alivuta kiti, akaketi kwa uzito. "Hakuna aliyenitukana, Dada. Ningefurahi wangenitukana. Kamba ya kiatu changu ilikuwa imefunguka, Kinyozi akanishikia begi niifunge. Halafu akanirudishia, nikaingia."

Nilishika ukingo wa meza.

"Ulijua?" akaniuliza. "Jumamosi, ulipokuwa unatupima, ulijua?"

Ningeweza kukataa. Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile, nikashindwa.

"Nilijua. Katibu aliniletea orodha Ijumaa. Akasema nikisema watakutoa. Nilifanya kwa ajili yako, mdogo wangu, nakuapia, yote nimeyafanya kwa ajili yako, hata mkutanoni kule." Nikaanza kulia, kilio kibaya cha mtu mzima, kamasi na kila kitu. Nilikuwa nangoja anipigie kelele. Nilikuwa nataka kabisa.

"Mimi niliambiwa Jumatano," akasema.

Nikadhani sikusikia. Nikajifuta kwa aproni.

"Jumatano gani?"

"Hii iliyopita. Mwenyekiti aliniita nyumbani kwake, akanionyesha majina."

"Ukawaleta hapa? Wapimwe?"

"Nilishindwa kuwaambia. Jumatano jioni nilikuwa nao, nikashindwa. Alhamisi nikashindwa. Ijumaa nikasema, basi, nitawapeleka kwa dada." Alikuwa anaongea polepole, akikwangua saruji iliyokauka kwenye ukucha wake wa gumba. "Nikasema orodha lazima ipitie kwake, na yeye hawezi kukaa nayo hata dakika tano. Atawaambia tu, hata wakimziba mdomo. Nilisimama pale mlangoni nangoja, Dada. Kila mtu akienda mbele nasema, sasa. Mpaka ikafika zamu yangu."

Nilimtazama yule niliyembeba mgongoni akiwa mdogo. Wanaume ishirini na mmoja walisimama katikati yetu na mikono juu, mmoja mmoja, na sisi wawili tulijua, kila mtu anamngoja mwenzake. Sikuwa na machozi tena.

"Na sasa?" nikamwuliza.

Akatazama saa ya ukutani.

"Sasa nina mazoezi tena saa tisa."

Uwanja mpya ulikuwa ng'ambo ya pili ya mji. Nilimwuliza kama ana nauli, akasema hana. Nikafungua droo, nikampa.