Hodi ya Tatu

Gharib alikuwa kwenye duka la vifaa vya shule kule mtaa wa Yide Lu, Guangzhou, anavutana na laoban, mwenye duka, juu ya mikoba ya penseli, simu yake ilipotikisika. Alikuwa na ukurasa wake wa duka kwenye intaneti. Wateja wa nyumbani waliingia humo wakaona bidhaa anazozipiga picha sokoni, na kila mteja alikuwa na chumba chake cha kuzungumza naye pale pale. Mteja mpya alikuwa ameandika neno moja tu, Hodi. Juu ya neno hilo palikuwa na jina la Zainabu Makame, wa Darajani.

Zainabu alikuwa dada yake.

Na si dada tu. Ndiye aliyemlea, ndiye aliyemkalisha dukani kwake akiwa bado havai viatu, akamfundisha kukunja karatasi na kukunja maneno. Miaka miwili sasa hawasemezani. Gharib alioa huku huku Guangzhou, akamwoa Fathiya, binti wa Kipemba aliyekuja kununua mapazia, na kwa haya zake au kwa ujinga wake hakumwambia dada. Zainabu alizipata habari kwenye harusi ya watu wengine, kutoka kwa mwanamke aliyekuwa anapakua biriani. Hakugomba. Alinyamaza, na Zainabu akinyamaza hafanyi mchezo. Simu hapokei, salamu za kutumwa hazitaki.

Sasa leo kapiga hodi.

Laoban alikuwa bado anamsukumia kikokotoo usoni, anataka jibu. Gharib akasema meiyou, meiyou, yaani hakuna, na hata yeye hakujua anakataa nini, nusura akanyage boksi la rula, akatoka nje penye mwanga. Akaandika "Karibu dada". Akafuta. Akaandika "Shikamoo dada, karibu". Akaona ni kavu, akafuta. Mwisho akarudi pale pale: "Karibu dada. Shikamoo. Karibu sana." Akabonyeza, ikaenda, akasimama anasubiri huku wabeba mizigo wanampigia kelele awapishe njia.

Hakujibiwa. Kitone cha kijani kando ya jina kiliendelea kuwaka, maana yake yumo ndani. Yumo, na hasemi kitu. Gharib alirudi mtaani kwake Xiaobei bila mikoba ya penseli.

Siku ya pili ikawa vile vile. Hodi ikaja, yeye akajikusanya, akaandika karibu yake, kisha kimya na kile kitone cha kijani. Akajiambia labda dada anamtesa, na haki yake anayo. Akajiambia labda yeye mwenyewe amebonyeza vibaya. Akaiwasha VPN, akaizima, akaiwasha tena, kama mtu anayetafuta swichi ya taa kwenye nyumba ya ugenini.

Jioni ile akapigiwa simu na Safia, binti wa ami yao, anayekaa nyumba ya pili na Zainabu.

"Wewe Gharib, una nini lakini?" Safia alisema. "Mwenzio kajishusha, kakubishia hodi mara mbili, hata kumwitikia hutaki?"

"Nimemwitikia. Mara zote mbili."

"Umemwitikia wapi? Simu yake nimeishika mimi mwenyewe. Pana hodi yake, basi. Chini peupe."

"Safia, wallahi, meseji ninayo hapa naiona. Mwambie."

"Nimeshamwambia, nikadhani mambo ya mtandao. Kasema hataki kuitikiwa na mimi. Kesho akishafungua duka anabisha ya tatu, na asipoitikiwa anarudi zake. Na wewe unamjua, akirudi harudi tena."

Gharib alijua. Mtu mwenye adabu hubisha hodi mara tatu, asipoitikiwa huondoka na halaumiwi. Zainabu alimfundisha hivyo hivyo, mbele ya mlango wa jirani, kwa kumfinya sikio. Hofu ikamwingia mpaka akashindwa kula. Fathiya akamuuliza kulikoni, akasema ni mambo ya mzigo.

Asubuhi alimkuta Odilia ofisini. Ofisi yao ilikuwa ndani ya jengo la Tianxiu Dasha, chumba kimoja kilichokatwa kati kwa ubao. Upande mmoja Fathiya na mapazia yake, upande wa pili Gharib, na pembeni meza aliyoikodi Odilia, dada wa Kihaya aliyesomea kompyuta hapa hapa mjini, akamaliza, akabaki. Ule ukurasa wa duka aliutengeneza yeye.

"Kaka Gharib, mimi nime-test hii kitu mpaka vidole vimeuma," Odilia alisema. Alifungua ukurasa kwenye simu mbili, moja huku moja kule, akaanza kuandika mbio mbio: moja, mbili, tatu, upo, nipo, ndizi, senene. Maneno yakaruka simu hadi simu. "Si unaona? Inafika yote."

"Naona. Lakini kwa dada haifiki."

"Labda simu yake ya zamani."

"Ni mpya kuliko yangu."

"Labda mtandao wa kule."

"Mbona wateja wengine wa Darajani wanaipata?"

Odilia akakuna kichwa. Walikaa wanatazamana kama watu waliopotea mtaa na kila mmoja alikuwa anamfuata mwenzake. Akauliza ni akina nani wanaozipata meseji vizuri. Gharib akawataja: Jonas wa Kariakoo, anayeingia na "oya laoban nyekundu ipo bei gani nitumie picha", bila salamu, bila kupumua. Vijana wa simu za mkononi, hao nao kama cherehani. Na akina nani walioingia wakapotea? Akafikiri. Mzee Abdulsalam wa vitabu vya dini. Mwalimu Loyce wa Tabora. Bi mmoja wa Tanga. Alidhani wamezikimbia bei.

"Sasa hii ni seva au ni shetani?" Gharib alisema. "Wasio na adabu wanabaki, wenye adabu wanafukuzwa."

Odilia alicheka, kisha akaacha kucheka. "Subiri kwanza. Hao wenye adabu wanafanyaje wakiingia?"

"Wanafanyaje? Mtu anapiga hodi, ananyamaza, anangoja karibu. Utaingiaje kwa mtu hujakaribishwa?"

"Ananyamaza kwa muda gani?"

"Mpaka akaribishwe. Mimi niko sokoni, nina watu. Dakika mbili, tatu."

Odilia alichukua simu moja, akaandika Hodi, akaiweka mezani. Gharib akatia mkono kwenye simu ya pili ajibu. "Usijibu," Odilia akamwambia. Wakakaa. Upande wa pili wa ubao mkasi wa Fathiya ulikuwa unakata kitambaa. Baada ya muda Odilia akasema haya, jibu. Gharib akaandika Karibu. Kwenye simu yake likaonekana limekwenda. Kwenye simu ya mezani hapakuja kitu, na kitone cha kijani kikawa kinawaka vile vile, bila haya.

"Mungu wangu," Odilia alisema taratibu. "Ni mimi."

Akamweleza, na Gharib hakuelewa, akamweleza tena. Duka lile lina programu mbili zinazokaa pamoja. Moja ni seva ya wavuti, kazi yake kumpa mteja ukurasa na picha, kisha imemalizana naye. Ya pili, ya mazungumzo, inashika laini na mteja na haiiachi, ili neno likisemwa lifike hapo hapo. Lakini laini hiyo hupitia kwa ile ya kwanza, iliyokaa mbele kama bawabu. Na bawabu ana amri yake: laini ikikaa dakika nzima haina neno, anadhani hakuna mtu, anaikata, na neno linalokuja baadaye linapotea.

"Mimi ninapo-test naandika mfululizo kama nina wazimu," Odilia alisema. "Sikuwahi kunyamaza hata mara moja. Sikufikiria kuna mtu ataingia halafu akae kimya."

"Na hiki cha kijani?"

"Kinawaka mtu akiingia. Kuzimika sikukifundisha. Kaka, nisamehe."

Gharib alitaka kukasirika, akakuta hasira hana. Alifikiria dada yake amekaa nyuma ya meza ya duka, simu mbele yake, miwani puani, anangoja karibu kwa heshima zote, na kule kungoja ndiko kunakomfungia mlango.

Odilia alishaanza kuandika. Kila baada ya nusu dakika, alisema, seva itaiuliza simu ya mteja, upo? Na simu itajibu yenyewe, nipo. Mtu haoni kitu, lakini bawabu atasikia sauti na hatakata. Aliizima programu, akaiwasha. Ikakataa. Akaitukana kwa Kihaya, akakuta bano moja limemkimbia, akaiwasha tena. Saa nane mchana ikapita, huko nyumbani bado asubuhi, maduka yanafunguliwa. Gharib alizunguka meza mpaka akaambiwa akae.

Hodi ikaja.

Alijibu safari hii bila kufuta kitu. Karibu dada. Shikamoo. Akaiweka simu mezani, akakunja mikono. Dakika ikapita. Hapakuja neno.

"Imekata tena," alisema.

Odilia alikuwa anatazama kwenye kompyuta yake. "Haijakata. Simu yake imejibu sasa hivi. Yupo."

"Meseji yangu imefika?"

"Imefika."

"Mbona haandiki, basi?"

"Hilo si la seva, kaka."

Dakika nyingine. Odilia akasema tena, taratibu, yupo. Gharib akaelewa kuwa kimya hiki ni cha dada mwenyewe, na kwamba kuna kitu anakingoja, na anakingoja tangu ile siku ya biriani. Akaishika simu. Akaandika hivyo hivyo, bila kurudia kusoma: Dada nimekukosea. Nilioa sikukwambia. Wewe ndiye wa kwanza niliyetakiwa kukwambia. Nisamehe.

"Yupo," Odilia alisema.

Kisha maneno yakaingia. Marahaba, Zainabu aliandika. Akakaa. Akaandika tena.

Mkeo yupo hapo?

Gharib alitazama ule ubao. Mkasi ulikuwa umenyamaza, labda Fathiya alikuwa anapima kitambaa. Akaandika, yupo. Kisha akainuka na simu mkononi, anaibeba taratibu kama bakuli la mchuzi lililojaa, akazunguka upande wa pili.

"Fathiya," aliita. "Njoo. Dada anakuulizia."