Nusu Hatua Kutoka Kisima cha Ubatizo

Kila mwaka, kabla ya sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia yetu hapa Mbinga, mimi kama mwenyekiti wa kwaya nilisimama karibu na ukuta wa nyuma, pale penye kisima cha ubatizo, nikimsikiliza mwimbaji mmoja mmoja. Ambaye sauti yake haikunifikia vizuri aliondolewa. Mwaka juzi nilimwondoa Tadea mbele ya wote, kwa sababu noti yake ndefu ilififia. Mwezi uliofuata tukamzika mama yake. Kwaya iliimba, Tadea alisimama na wafiwa.

Nina miaka arobaini na tisa, nasoma masomo ya jioni. Wiki iliyopita Mwalimu Clemence wa fizikia, mzaliwa wa Mbamba Bay, alifunga kamba dirishani akaitikisa. Sehemu fulani za kamba zilitulia kabisa, nyingine zikapanda na kushuka.

"Wimbi linakwenda, linagonga, linarudi," alisema. "Mawimbi hayo yakikutana, pengine yanaongezana, pengine yanafutana."

"Kumbe hata kamba ina mahali pa kupumzika," akasema Sadiki wa duka la vitenge, "ila sisi wanafunzi hatuna!"

Darasa likacheka. Mimi nikauliza, "Na sauti je?"

"Hata sauti. Shika noti moja mbele ya ukuta mgumu. Mahali fulani utaisikia kwa shida. Sogea kidogo, imejaa."

Kesho yake nilimwomba Erasmo, mpiga kinanda, ashikilie noti ile ya Tadea. Niliposimama kisimani ilififia. Nikasogea nusu hatua, ikajaa masikioni. Nikapiga magoti palepale.

Nilimkuta Tadea akigeuza kahawa iliyoanikwa kichanjani.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu. Nilikukosea. Sauti yako haikuwa na kasoro. Mimi ndiye niliyesimama pabaya."

Nikamweleza yote. Alisikiliza bila kuacha kazi.

"Nusu hatua?"

"Nusu hatua."

"Na hukusogea."

"Sikusogea."

"Mama alifariki akidhani nimeacha kwaya kwa uvivu. Uliniondoa mbele ya watu, baba. Kasemee hukohuko."

Jumapili nilisema yote mbele ya waumini. Tadea alikuwa benchi la tatu. Kwaya ilipoanza alifungua kitabu chake cha nyimbo, akafuata mistari kwa kidole mpaka mwisho, mdomo umefungwa. Namwombea kila siku. Sijathubutu kumwomba arudi.