Kiwanja Kilicholimwa

Kila baada ya mavuno, ukoo wa Biasha ulikusanyika kijijini Lionja, kwenye kiwanja cha ngoma, kuwatoa wanawali waliomaliza unyago. Mwaka wa zamu ya mjukuu wake Mwanaima, walikuta trekta la Wazungu wa mradi wa karanga limekilima chote. Hodi hawakupigiwa.

“Tuchezee kwangu, dada,” alisema Yunusi, mdogo wake Biasha.

“Mama alinitolea hapa, na Mwanaima atatoka hapa. Au miguu yako imeshaingia uzungu?”

Watu wakacheka. Biasha akaingia matutani peku, akaanza kukanyaga. Ngoma ikamfuata, ukoo nao ukamfuata. Kufikia alasiri udongo ulikuwa umeshindiliwa, na Mwanaima akatoka akicheza.

Karanga hazikuota pale. Hata alipokuwa mkongwe, Biasha alilikumbuka vumbi lile, akacheka peke yake.