Mbao za Boti ya Kalala

Jumatatu asubuhi diski ya msumeno wa Papa Onésime ilikwama mara ya nne, ikatoa moshi, na seremala akazima mota. Alifanya yale aliyoyafanya kwa miaka thelathini. Alinoa meno. Alisugua utomvu kwa mafuta ya taa. Alipima chuma cha kuongozea ubao, mbele na nyuma, akakuta kimenyooka kuliko watu wengi wa Kalemie. Alichomeka kabari nyuma ya diski ili mpasuo usijibane. Ubao uliitema kabari, ukajifunga, ukapona kama ngozi iliyochomwa na mwiba, na diski ikabaki ndani ikiungua.

"Mbao mbichi," alisema, akazidi kuchoka, maana alijua si mbichi. Zilikuwa za boti ya bosi Kalala, iliyozama mwezi wa pili ikitoka Moba. Kalala alizivua ziwani akazileta zichongwe boti nyingine. Zilikaa juani miezi saba na bado zilitiririsha maji.

Siku ya pili, akisukuma ubao kwa kiuno, alinung'unika jina la binamu yake aliyekufa boti ilipozama: "Christophe, ndugu yangu, niachie basi." Ubao ukaachia. Diski ikapita mpaka mwisho, na alipoigusa ilikuwa baridi. Onésime akaenda parokiani kunakili orodha ya marehemu iliyobandikwa mlangoni. Kila ubao ulitaka jina moja. Majina yalikuwa thelathini na moja. Yalipokwisha, zikabaki mbao kumi na sita zinazobana kama mwanzo.

Laurette, aliyemletea bukari, ugali wake wa mchana, kila siku saa sita, alitua sahani. Mume wake Thierry alipanda boti ile ufukweni, baada ya orodha ya abiria kufungwa na kupelekwa biro ya bandari. Kwa hiyo kwenye karatasi hakupanda. Wakwe walikataa kuweka kilio. Walisema Thierry yuko Kigoma na mwanamke mwingine, na kwamba Laurette ndiye aliyemkimbiza kwa mdomo wake. Miezi saba hakuwa na mume wala msiba.

"Papa, jaribu Thierry," alisema.

"Na kama ikibana, Mama?"

"Ikibana, nitajua yuko Kigoma. Nitamulaani, nipumzike."

Onésime akawasha mota. Laurette akataja jina. Ubao ulipasuka taratibu kama mkate, bila moshi. Laurette akaweka kiganja juu ya diski iliyosimama, akaikuta baridi, akalia kwa sauti. Alilia kwa uchungu, na pia kwa kufarijika, na faraja hiyo ilimtia haya.

Kufika Alhamisi, foleni ya watu wenye majina ya ndugu zao wasioandikwa ilifika barabarani. Mbao zote zikapita. Kalala alifurahi kuona kazi inakimbia, akawaletea viti.

Laurette alibeba kipande cha ubao wa Thierry mpaka biro ya bandari. Karani Télesphore alikigusa, akajifuta maji mkononi.

"Njo yeye, ni Thierry kabisa," alisema. "Pole, Mama. Lakini huu ubao hauna muhuri, na liste ilishafungwa. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Fungua."

"Nikimufungulia huyu, wale kumi na tano watakuja pia."

Mama mkwe naye alikigusa kipande. Kisha akasema hata Kigoma kuna maji.

Boti mpya ilishushwa ziwani mwezi uliofuata. Asubuhi ya safari ya kwanza Télesphore aliandika majina thelathini na moja, akafunga daftari, akaondoka. Watu wakaendelea kupanda. Laurette alisimama kwenye maji ya magoti akimuuliza kila mmoja jina lake, na wengi walimjibu huku wakicheka. Onésime alitazama mpaka ziwa lilipobakiza shibiri moja kufika ukingo wa boti. Halafu akarudi karakanani, akaifungua diski, akaanza kunoa meno.