Dakika Ishirini za Kusikiliza

Baba alifariki siku tatu kabla ya mtihani wa taifa, na kwa kweli nilimlaumu kidogo moyoni, maana nilikuwa nimechoka. Miaka kumi na tisa nafundisha Kiingereza katika sekondari ya mji wetu, na kila Juni ni yale yale: watoto hawalali, wazazi hawalali, nami nasahihisha majaribio mpaka herufi zinaanza kutembea. Sasa na msiba juu yake.

Nyumba yetu imepakana na ukuta wa shule. Mpiga ramli alipiga hesabu zake akasema jeneza litoke tarehe nane, saa tisa alasiri, si kabla wala baada. Na tarehe nane, saa tisa alasiri, ndipo mtihani wa Kiingereza unapoanza, tena kwa sehemu ya kusikiliza: dakika ishirini za sauti kutoka kwenye vipaza sauti, watoto mia sita wamebana pumzi. Muda huo mji mzima hunyamaza. Magari hayapigi honi, mbwa hufungwa. Na marehemu wetu alikuwa mpiga zumari wa mazishi, na mtu kama huyo huzikwa kwa zumari.

Mkuu wa shule, Bwana Yin, aliniita ofisini.

"Mwalimu Qu, pole sana kwa msiba."

"Asante."

"Sasa... zile zumari."

"Najua."

"Zungumza na kaka yako. Na siku hiyo wewe ndiye msimamizi wa chumba cha sauti. Majina ya wasimamizi yalishapelekwa juu, hayabadilishwi."

"Namzika baba yangu, Bwana Mkuu."

"Najua," alisema, akaitazama chai yake. Alikuwa amechoka kama mimi. Sikuwa hata na nguvu ya kumchukia.

Kaka yangu Dashan nilimkuta uani, amejifunga kitambaa cheupe cha msiba, anagombana na mpishi. Nilipomweleza, alinitazama kama niliyemtukana.

"Baba kawapigia wafu wa bonde zima hili miaka arobaini. Leo yeye aondoke kimyakimya kama mwizi?"

"Subirini nusu saa tu, kaka."

"Saa yake haisubiri! Na jeneza likishanyanyuliwa haligusi chini mpaka kaburini. Au Kiingereza kimekusahaulisha?"

"Mle ndani kuna watoto ambao hii ndiyo ngazi yao pekee. Hata binti wa Fundi Tong yumo."

Fundi Tong, mwanafunzi wa baba na kiongozi wa bendi, alikuwa kando akifuta zumari yake. Hakuinua macho.

"Nenda kazini," kaka alisema. "Nenda tu." Hakuniahidi kitu.

Siku ya mtihani simu zetu wasimamizi zikafungiwa sandukuni. Saa tisa kamili nikabonyeza kitufe, na mwanamke akaanza kumuuliza mwanamume treni inaondoka saa ngapi. Niliwasikiliza kwa sikio moja. La pili lilikuwa nyumbani. Zumari hazikulia. Nikafurahi, kisha ile furaha ikanitia aibu. Baba alikuwa anatolewa bila mlio hata mmoja, na aliyemziba mdomo ni mimi. Nililia nimejiziba kinywa kwa kiganja, maana hata chumba cha sauti sharti kiwe kimya.

Sehemu ya kusikiliza ikaisha. Watoto wakafunua kurasa za kusoma, na hapo hapo zumari zikalipuka nyuma ya ukuta. Zilikuwa karibu mno. Nilidhani wakati ule wangekuwa wameshafika mlimani, kwenye makaburi. Vichwa viliinuka mara moja, vikarudi kwenye karatasi. Bwana Yin alipita koridoni, akaendelea na doria yake.

Jioni nilimkuta kaka kwenye ngazi ya mlango, wifi yangu anamkanda bega kwa kitambaa cha maji ya moto. Bega lilikuwa limevimba.

"Jeneza tulilinyanyua saa tisa kamili," alisema. "Tukasimama nalo pale ukutani, wanaume wanane, na jua lile! Mzee hakuwa mwepesi."

"Dakika zote ishirini?"

"Tungeliweka wapi?"

"Na mlijuaje kwamba imeisha? Hakuna anayejua Kiingereza hapa."

"Baba alitufundisha. Kila mwaka akishafunga mbwa wa watu, anaweka kigoda chake ukutani. Ukikohoa tu, anakukemea: 'Nyamaza wewe, mwanangu Hongyu anaongea!' Alijua mpaka pale unapopumua ukitaka kumaliza."

Nilimtazama. Yule mwanamke wa kwenye vipaza sauti simjui. Sauti huletwa kutoka mkoani imefungwa kwa lakiri, na kazi yangu ni kubonyeza kitufe.

"Kwa hiyo leo tulimsogeza karibu kabisa," kaka akasema, "akusikie mpaka mwisho. Ulisoma vizuri, mdogo wangu."

"Asante, kaka," nikasema. Nikakipokea kitambaa kutoka kwa wifi, nikakichovya tena kwenye maji ya moto.